Wasomi wa Jembe

Ukitoka Korogwe mjini na kuyaacha mashamba ya mkonge, barabara ya Bungu hupanda mlima kwa mizunguko mpaka joto la bondeni linasahaulika. Huko juu kuna migomba, maharage, iliki, na chai ya upande wa Dindira na Ambangulu. Kiserikali Bungu imo Wilaya ya Korogwe. Kwa lugha, koo na historia ni Usambara ileile ya Vugha, Bumbuli na Mlalo. Kijana wa sekondari ya huko akisema anataka kuwa mhadhiri wa saikolojia ya kazi na mashirika, achunguze kwa nini watu humfuata kiongozi mmoja na kumkimbia mwingine, kwa nini ofisi moja huzaa mawazo mapya na nyingine huyaua, majirani watamwambia amechagua fani ya Wazungu. Huenda naye akaamini, maana vitabu atakavyopewa chuoni vimejaa majina ya Wamarekani na mifano ya viwanda vyao.

Mimi naona fani hiyo ina mizizi Usambara, mirefu kuliko tunavyodhani. Mmoja wa wasomi waliojenga jina duniani kwa kuchunguza uongozi wa Kiafrika alijifunza kazi yake kwa wakulima wa milima hii.

Steven Feierman alifika Usambara katikati ya miaka ya 1960, mwanafunzi wa uzamivu kutoka Marekani. Alijifunza Kisambaa, akakaa na wazee, akasikiliza. Kitabu chake cha kwanza, kuhusu historia ya ufalme wa Wasambaa, kilitoka mwaka 1974. Cha pili, Peasant Intellectuals, kilitoka mwaka 1990. Alifundisha Wisconsin, Florida na Pennsylvania, na vizazi vya wanahistoria wa Afrika vimepita mikononi mwake. Hakuwa mwanasaikolojia. Hata hivyo swali lililomshughulisha ni lilelile ambalo wanasaikolojia wa mashirika wanalihangaikia: watu wanaoongozwa wanafikiri nini kuhusu uongozi, na fikra hizo zinatoka wapi?

Jibu lake liko kwenye jina la kitabu cha pili. Akifuata mawazo ya Antonio Gramsci, Mtaliano aliyeandika akiwa gerezani zama za Mussolini, Feierman alisema usomi haupimwi kwa shahada. Msomi ni yule ambaye jamii inamtambua kwa kazi ya kupanga mambo, kuelekeza wenzake, kufundisha na kuyapa maneno yale ambayo wengi wanayahisi. Kwa kipimo hicho Usambara ilijaa wasomi. Walishika jembe mchana, na ilipofika saa ya mazungumzo walibishana juu ya utawala kwa undani ambao mhadhiri yeyote angeuheshimu.

Walikuwa na kipimo chao. Mtawala ama anaiponya nchi, kuzifya shi, ama anaiharibu, kubana shi. Nchi iliyopona ina mvua kwa wakati, chakula ghalani na watoto wanaokua. Mvua ikikatika watu waliangalia wingu, kisha wakaangalia Vugha, makao ya mfalme, wakauliza nani anagombana na nani. Walikuwa na maelezo kamili ya sababu zake. Penye mtawala mmoja ambaye uwezo wake umewazidi wengine wote, dawa ya mvua hufanya kazi na nchi hutulia. Penye wakubwa wawili wanaolingana, hali waliyoiita nguvu kwa nguvu, kila mmoja huizuia mvua ya mwenzake, na anayekufa njaa ni mkulima asiyehusika na ugomvi.

Si lazima uamini dawa ya mvua ili uone uzito wa fikra hiyo. Inasema uongozi hupimwa kwa hali ya wanaoongozwa, tena wale wa chini kabisa. Inasema ugomvi wa juu una bei, na bei hiyo hulipwa chini. Yeyote aliyewahi kufanya kazi mahali ambapo wakubwa wawili hawasemezani, barua zikakwama na mishahara ikachelewa, anaelewa nguvu kwa nguvu bila kufafanuliwa.

Ufalme wenyewe ulikuwa shirika lililopangwa kwa akili. Simulizi za mwanzo wake zimehifadhiwa kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, iliyoanza kuchapwa Magila mwishoni mwa karne ya 19 na kutolewa tena mwaka 1962. Ndani yake yumo Mbegha, mwindaji kutoka Ungulu, aliyenyimwa urithi na ndugu zake kwa sababu aliota meno ya juu kwanza na kuhesabiwa kigego. Akaingia milimani na mbwa wake. Akaua nguruwe waliokuwa wakila mashamba, akagawa nyama, naye akapewa vyakula vya shambani. Akaamua kesi za watu. Akaua simba. Wakamkabidhi nchi. Wanahistoria wanaweza kujadili kipi kilitokea kweli katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Mimi ninachokiona ni kwamba Wasambaa, walipotaka kueleza utawala unatoka wapi, walianza na huduma. Kila hatua aliyopanda Mbegha ilitanguliwa na jambo alilowafanyia watu.

Baada yake wana wa mfalme walipewa nchi ndogondogo za kutawala huku na huko milimani, kila mmoja akitegemea upande wa mama yake. Mtawala wa Bumbuli ndiye aliyetazamiwa kurithi Vugha. Kando ya Wakilindi, yaani ukoo wa kifalme, walikuwepo wakubwa wa baraza ambao hawakuwa wa ukoo huo, akiwemo Mlughu, waziri mkuu wa mfalme. Hapa pana busara ya mpangilio. Mwana wa mfalme anaweza kutamani kiti cha baba yake; mtu wa ukoo wa kawaida hawezi, kwa hiyo ushauri wake hauna tamaa hiyo ndani yake. Edgar Winans, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Usambara miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima kuhusu katiba ya dola hiyo, na kilitoka mwaka 1962.

Mpangilio huo ulifika kilele chini ya Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena 1852. Kimweri alifariki mwaka 1862, na dola haikukaa sawa tena. Sababu aliyoionyesha Feierman ingefaa kufundishwa katika kila darasa la menejimenti. Ufalme ulisimama juu ya kodi ya mazao na mifugo iliyopanda kwenda Vugha na kugawiwa kutoka huko. Biashara ya misafara ilipokua, utajiri na bunduki vilipita bondeni, chini ya milima. Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa Mazinde, kando ya njia hiyo. Akapata bunduki, akapata wafuasi, na Vugha ikabaki na heshima bila nguvu. Vita vya ndugu vikafuata, Wabondei wakaasi, watu wakauzwa utumwani. Ilikuwa nguvu kwa nguvu yenyewe.

Mwaka 1896, hapo Lutindi, mlima wa jirani na Bungu, Wajerumani walifungua makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 makao hayo yakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, inayotajwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki; Mathari ya Nairobi ilifuata mwaka 1910. Lutindi ipo mpaka leo, na kazi, shambani na ya mikono, ni sehemu ya tiba. Nawaza mara nyingi kuhusu mahali hapo. Kijana wa Bungu anayeambiwa saikolojia iko ng'ambo ana hospitali ya zaidi ya miaka 100 jirani yake, ambako swali la kazi inamfanyia nini binadamu huulizwa kila asubuhi.

Sasa tuje kwenye matuta, kwa sababu hapo ndipo Usambara ina somo kubwa kuliko yote.

Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha mradi wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Tatizo lilikuwa la kweli. Watu walikuwa wameongezeka, miteremko ilikuwa imelimwa, na mvua ilikuwa ikiuteremsha udongo mitoni. Dawa iliyoletwa ilikuwa amri: kila mkulima achimbe matuta kwenye mteremko wake, na asiyechimba atozwe faini. Amri ilipitishwa kwa mfalme na majumbe, ili ionekane ya wenyeji. Mabwana shamba walipima, majumbe walisimamia, na aliyechimba kwa jembe la mkono, tena kwa sehemu kubwa, alikuwa mwanamke, maana kilimo cha chakula kilikuwa mabegani mwake. Hakuna aliyemuuliza.

Wakulima walikataa. Upinzani ulikua mwaka hadi mwaka, ukaingia katika siasa za kudai uhuru, na TANU ilipoundwa mwaka 1954 ilikuta Usambara watu waliokwisha kujifunza kupanga na kusema. Kabla muongo haujaisha mradi uliachwa. Ripoti za wakati huo ziliandika kwamba wakulima ni wabishi na hawaelewi faida yao. Feierman alipowasikiliza alikuta hoja zilizopangwa. Kwa macho ya wengi wao, mfalme aliyekubali kuwa mkono wa sheria hizo alikuwa akiibana nchi. Kuna waliotaka mfalme mwingine atakayeiponya. Kuna waliosema enzi za wafalme zimekwisha, na kwamba nchi itaponywa na wananchi wenyewe wakijitawala. Huo ulikuwa mjadala wa nadharia ya uongozi, ulifanywa kwa Kisambaa, na washiriki wake wengi hawakuwa na cheti chochote.

Miaka ileile, huko Marion, Virginia, palikuwa na kiwanda cha kushona nguo za kulalia kiitwacho Harwood. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake. Kila menejimenti ilipobadilisha namna ya kufanya kazi, uzalishaji ulishuka na watu wakaacha kazi. Lester Coch na John French, waliofuata mwelekeo wa Kurt Lewin, mwanasaikolojia aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, wakafanya jaribio. Kundi moja lilitangaziwa tu mabadiliko. Makundi mengine yalishirikishwa kuyapanga, moja kwa kupitia wawakilishi na mengine kila mfanyakazi mwenyewe. Katika kundi lililotangaziwa, asilimia 17 waliacha kazi ndani ya siku 40. Walioshirikishwa waliinuka haraka, wakaizidi hata kasi yao ya zamani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1948, na mpaka leo kila mwanafunzi wa saikolojia ya mashirika huyasoma.

Ninalotaka msomaji alione ni hili. Marion iliingia vitabuni. Mlalo haikuingia. Mlalo ilikuwa kubwa zaidi, ilichukua zaidi ya muongo mmoja, iligusa maelfu ya familia, na ilithibitisha jambo lilelile kwa gharama kubwa zaidi. Kama saikolojia ya mashirika ingekuwa imezaliwa Tanga, matuta ndiyo yangekuwa sura ya kwanza.

Tena Usambara ilitoa hata sehemu ya pili ya jaribio. Mwaka 1981 ulianza Lushoto mradi wa SECAP, kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, wenye lengo lilelile la kuzuia udongo. Safari hii mkulima aliletewa majani ya Guatemala ya kupanda kwa mistari inayokata mteremko, pamoja na miti. Majani yanashika udongo na pia ni chakula cha ng'ombe: mfugaji anayakata, anamlisha zizini, anapata maziwa na mbolea. Faida ilionekana mapema, na ilikuwa ya mwenye shamba. Sidai kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Ila tofauti ya kumwambia mtu chimba na kumpa sababu ya kupanda inaonekana kwenye miteremko yenyewe.

Fani ilivyokua huko nje imetuacha nyuma kwa namna ya ajabu. Geert Hofstede, Mholanzi aliyepanga mataifa kwa tabia zao za kazini, alitumia majibu ya wafanyakazi wa IBM ya kati ya mwaka 1967 na 1973. Katika majedwali yake Tanzania haina mstari wake. Imefungwa pamoja na Kenya, Ethiopia na Zambia kwa jina la Afrika Mashariki, na majibu ya waajiriwa wachache wa kampuni moja ya mashine yanasimama badala ya Mmasai, Msambaa, Mluo na Mwamhara. Utafiti mkubwa wa uongozi ulioitwa GLOBE, ulioongozwa na Robert House na kuchapishwa mwaka 2004, ulifika katika jamii 62. Nigeria, Zambia, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini zimo. Hakuna hata nchi moja ya Afrika Mashariki. Vitabu hivyo ndivyo wanafunzi wetu wanavyonukuu wanapoeleza sisi ni watu wa namna gani.

Wapo waliojaribu kurekebisha. Mwaka 2006 Samuel Nguni, pamoja na Peter Sleegers na Eddie Denessen, alichapisha utafiti juu ya walimu wa shule za msingi Tanzania. Walichukua nadharia ya Bernard Bass, Mmarekani aliyetenganisha kiongozi anayewainua watu kwa maono na anayebadilishana nao kazi kwa malipo, wakapima namna walimu wakuu wanavyoathiri ari na uaminifu wa walimu walio chini yao. Ni kazi nzuri na inastahili kusomwa. Lakini dodoso lilizaliwa Marekani, na dodoso hupata tu kile linachouliza. Lingeulizaje kama mwalimu mkuu ameiponya shule?

Robert Sternberg alikutana na shida hiyo ana kwa ana, na ujasiri wake wa kuikabili ndio unaonifanya nimheshimu. Ni mwanasaikolojia wa Kimarekani ambaye maisha yake yote ya kitaaluma yamezunguka akili, ubunifu na uongozi. Ameandika mara kadhaa kwamba utotoni alikuwa akishindwa mitihani ya akili kwa hofu, mpaka mwalimu mmoja wa darasa la nne alipomwamini. Mwaka 2003 aliongoza chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 2013 alianza kazi ya urais wa Chuo Kikuu cha Wyoming, akajiuzulu kabla ya miezi mitano kuisha. Kujua uongozi na kuongoza ni kazi mbili. Kabla ya hayo alikuwa amekuja kwetu.

Karibu na Bagamoyo, yeye na wenzake, wakiwemo Watanzania, waliwapima watoto 358 wa miaka 11 hadi 13. Badala ya kupima mara moja na kuondoka, waliwapima, wakawafundisha kwa muda mfupi namna ya kufikiri katika maswali ya aina ile, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda. Na alama za baada ya kufundishwa zilieleza uwezo wa mtoto vizuri zaidi kuliko zile za kwanza. Mtihani wa kwanza ulikuwa umepima ugeni wa mtihani. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2002. Mwaka mmoja kabla ulitoka mwingine, uliofanyika Usenge, magharibi mwa Kenya, kwa ushirikiano na Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wengine. Watoto 85 waliulizwa juu ya dawa za miti shamba ambazo watu wa huko hutumia. Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya Kiingereza. Huenda wanakijiji walikuwa wamegundua, bila kuandika popote, kwamba muda wa mtoto ni mmoja: anayetegemewa kurithi maarifa ya nyumbani hapewi nafasi ya shule, na wa shule hapewi ya nyumbani.

Teresa Amabile wa Harvard naye ameonyesha kitu ambacho mchuma chai wa Dindira angekithibitisha. Alikusanya shajara za kila siku za wafanyakazi 238 katika kampuni saba, karibu maandishi 12,000, na akakuta kwamba kinachoamsha ari na ubunifu wa mtu kazini kuliko kingine ni kuona kazi yenye maana inasogea mbele, hata kwa hatua ndogo. Mameneja wengi hawakulijua hilo.

Kwa hiyo kijana wa Bungu anayetaka usomi huu hana upungufu wa maswali. Mchuma chai anayelipwa kwa kilo anaona kazi yake inasogea wapi, na mnyapara anafanya nini siku mvua inapozuia uchumaji? Kina mama wa VICOBA wanamchaguaje mshika fedha, na kwa nini kikundi kimoja hudumu miaka na kingine huvunjika mwezi wa mgao? Wagonjwa wa Lutindi wanasema nini juu ya siku wanazofanya kazi na siku wasizofanya? Mwenyekiti wa kijiji akiitisha kazi ya barabara, nani hafiki na anatoa sababu gani? Kila moja ya hayo ni tasnifu. Mzumbe, iliyoanza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa, wakiwemo machifu, wakati ambapo matuta yalikuwa yakipiganiwa Usambara, inafundisha utawala na menejimenti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha saikolojia. Taasisi ya Uongozi ipo tangu mwaka 2010. Ningependa kuona Habari za Wakilindi na simulizi ya Mlalo vikisomwa huko mwaka wa kwanza, sambamba na Bass, na mwanafunzi atakiwe kutunga dodoso kutokana na maneno ya watu anaowachunguza kabla ya kuazima la mwingine.

Na kuna moja lisilosubiri. Aliyekuwa binti wa miaka 18 akichimba matuta mwaka 1950 sasa amepita miaka 90. Feierman aliwahoji wengi, lakini hakuwamaliza, na wanawake waliobeba kazi ile wana ya kusema juu ya amri, majumbe na mbinu walizotumia kukwepa. Simu yenye kinasa sauti inatosha kuanzia, pamoja na ridhaa ya bibi mwenyewe. Mwanafunzi wa Bungu ana mtaji ambao Mmarekani yule alilazimika kuutafuta kwa jasho: Kisambaa anakijua tayari.